Kaakaa la Rabia

Kama una mtoto mchanga ambaye kila akinyonya maziwa yanamtokea puani, na hujapata mtu wa kukuambia kwa nini, haya nimekuandikia wewe. Mie si daktari. Kusoma na kuandika nimejifunza nikiwa na watoto wawili, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, na barua ndefu kuliko hii sijapata kuandika. Lakini ningempata mtu wa kunieleza nusu tu ya haya siku zile, ningeogopa kwa mpango. Mie niliogopa ovyo.

Rabia alizaliwa mwishoni mwa masika, akiwa mnene, na uso wake hauna kasoro hata moja. Ndiyo maana hakuna aliyemtazama ndani ya kinywa. Siku ya pili nilimpa titi, akanyonya, akaacha, akanyonya tena kwa hasira kama mtu anayevuta kamba iliyokatika. Halafu maziwa yakamtoka kwa tundu zote mbili za pua na midomo ikageuka rangi. Mkunga akamnyakua, akamgeuza, akampigapiga mgongoni. Alipolia, yule mkunga akatia kidole chake kidogo kinywani mwa mwanangu, akakipitisha juu, akanyamaza. Kisha akamwita mwenzake naye aje atie kidole. Katika yote yaliyofuata, hakuna kilichonitisha kama kule kunyamaza kwao.

"Kaakaa halikufunga," aliniambia mwishowe. "Hapa juu pana uwazi mpaka puani. Atapasuliwa akikua kidogo. Kwanza akue."

Tulikuwa tunakaa Temeke, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wanne. Baba Rabia alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha nguo. Mama yake, Bibi Somoe, alikuwa amekuja kutoka Lindi kunitunza uzazi. Nilipofika na mtoto, alimfungua kinywa akamgeuzia mlangoni kwenye mwanga, akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Ulimcheka mtu ulipokuwa na mimba?"

Niliingia ndani nikalia kwenye mto. Mpaka leo sijui kama nilimcheka mtu. Nani hajawahi kucheka kwa miezi tisa?

Lakini ni yeye huyo huyo Bibi Somoe aliyemwokoa. Alikuja, akaniondolea mtoto begani, akaketi kwenye mkeka, akamkalisha Rabia wima katika paja kama mgeni. "Kamua kwenye kikombe," akasema. "Mtu mzima halishwi amelala, sembuse huyu." Akawa anampa kwa kijiko cha chai, tone, anangoja, tone, anangoja. Kikombe kimoja kilituchukua saa nzima. Tukimaliza, tunapumzika kidogo, tunaanza tena. Niliishi hivyo mpaka vuli. Nilikuwa nikienda chooni na kurudi mbio, bado nafunga khanga. Kliniki, wakimweka kwenye mzani, nilikuwa siwezi kuangalia. Nilitazama uso wa nesi, na uso wake ukikaa sawa nilijua kaongezeka.

Kama uko katika miezi hiyo sasa hivi, mkalishe wima, mpe kidogo kidogo, na usione haya kulia. Akivuka hapo utaogopa mambo mengine.

Mengine yenyewe ni haya. Masikio yalianza kutoa usaha, hasa wakati wa mvua. Wali ulimtokea puani mbele ya wageni. Na alipofika miaka miwili, akaanza kuzungumza, na maneno yote yakapitia puani. Watu wanaita king'ong'o. Herufi zilikuwa hazishikiki kinywani mwake. "Kuku" ilikuwa "unu", "samaki" ilikuwa "hamani". Na "baba" ilitoka "mama". Baba yake akiingia kutoka kazini, anamkimbilia mlangoni mikono juu, anamwita, "Mama! Mama!" Wapangaji wanacheka. Yeye anambeba, anampeleka ndani, anafunga mlango.

Walimpasua kiangazi alipotimiza miaka mitatu, hospitali kuu. Walimchukua asubuhi, amevaa kijoho cha kijani kilichomburuza, naye akanipungia mkono maana alidhani anakwenda kutembea. Nilikaa kwenye benchi la ukutani. Niliposhindwa kukaa nilisimama, niliposhindwa kusimama nilichuchumaa. Kulikuwa na mama mmoja mhudumu anapiga deki, kila mara anapita mlango ule nisioruhusiwa kupita. Alinitazama akipita mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu akainama karibu yangu.

"Nimechungulia," akasema. "Bado wanafanya kazi taratibu. Hakuna aliyekimbia. Ukiona wanakimbia ndipo uogope."

Basi nikawa naangalia miguu. Saa tatu nzima niliangalia miguu ya manesi, na hakuna aliyekimbia. Yule mama sikulijua hata jina lake.

Rabia alirudishwa amevimba uso, damu imekauka chini ya pua, mikono yote miwili imefungwa ndani ya makasha ya karatasi ngumu kutoka begani mpaka kiganjani, ili asitie vidole kinywani akachana nyuzi. Alikuwa hawezi kukunja viwiko. Alinyoosha mikono ile kama mbao akitaka nimbebe. Baba yake alifika kutoka zamu bado ana pamba nyweleni. Alimwona, akasimama, akatoka. Nilimkuta kwenye bomba la uani ananawa uso, ananawa tena na tena.

"Hakatwi tena," akasema. "Iwe imetosha. Hakatwi tena, Mama Rabia."

Tangu siku hiyo hakukanyaga hospitali.

Sasa sikia kosa langu. Nilidhani tundu likishazibwa, maneno yatanyooka yenyewe. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, mvua za vuli zikaja zikapita. Maziwa hayakumtoka tena puani, isipokuwa mara moja moja kupitia kitundu kidogo nyuma ya meno ambako jeraha halikushika vizuri. Lakini maneno yalikuwa yale yale. Daktari alinieleza kwamba kinywa kimekuwa kipya ila mtoto bado anakitumia kwa mazoea ya zamani. Akasema yuko sista mmoja, Mtanzania mwenzetu, kasomea nchi za nje kufundisha watoto kusema, anakaa chumba cha nyuma siku za Alhamisi. Akanipa karatasi nimpelekee.

Sikuipeleka. Baba yake alisema mtoto aachwe apumzike na hospitali. Na mie, kusema kweli, niliona haya. Mtoto wa miaka minne kwenda kufundishwa kusema? Ile karatasi niliiweka chini ya godoro. Wakati huo tayari nilikuwa na wa pili, Yusufu, anatambaa.

Ilitimia mwaka mzima iko pale pale.

Siku moja mjumbe wetu wa nyumba kumi alipita kutangaza kwamba sukari imefika duka la ushirika. Nikawaacha watoto na bibi yao, aliyekuwa uani anafua, nikawahi foleni. Nilikuwa wa nne au wa tano kutoka dirishani pale Rabia alipotokea anakimbia, peku, gauni limelowa mbele.

"Mama! Yunu anenwa manuna!"

"Nini?"

"Yunu! Anenwa manuna!"

Mama mmoja nyuma yangu akaguna kicheko. Mwingine akasema, "Huyu anaimba au anaongea?" Wakacheka kadhaa. Uso ukanichoma. Rabia akanishika khanga, akavuta, akalisema tena kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo lilivyozidi kutoka kama king'ora puani.

Nikamwambia, "Nyamaza."

Nimeandika neno hilo kwa sababu nimeapa kukueleza yote. Mwanangu alikuja kunipa habari na mie nikamwambia nyamaza. Dirisha lilikuwa karibu, nilitaka sukari, nilitaka wale wanawake waache kucheka.

Akaacha kusema. Akanitazama. Halafu akachukua upindo wa gauni lake lililolowa akaniwekea puani.

Mafuta ya taa.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Yusufu alikuwa kwenye sakafu ya chumbani karibu na chupa ya soda niliyowekea mafuta ya jiko, anakohoa kikohozi kikavu, macho yamemtoka. Rabia alijaribu kumnyang'anya, ndipo yakammwagikia. Bibi Somoe alikuwa bado uani anasuuza, hajui lolote. Mpangaji mmoja akataka kumtia kidole atapike. Mwingine akapiga kelele asitapishwe, na namshukuru mpaka leo, maana zahanati walituambia angetapika yangemwingia mapafuni zaidi. Kutoka pale alipelekwa hospitali, na siku tatu kifua chake kilipanda na kushuka kama mvukuto. Siku ya nne akaomba maji. Akapona.

Rabia ndiye aliyenyamaza. Nilimwambia anyamaze, akatii. Wiki ya kwanza nilidhani ni mshtuko. Wiki ya pili nikaona anaonyesha kwa kidole: maji, mlango, kikombe. Wiki ya tatu alichomwa na mwiba akaja amenyoosha mguu, machozi yanatiririka, mdomo umefungwa. Hata kilio alikifunga ndani. Nawaambia wazazi wenzangu, niliogopa siku ya kuzaliwa kwake, nikaogopa kwenye benchi, nikaogopa kwa Yusufu, lakini woga wa kumwona mtoto ameufunga mdomo wake mwenyewe kwa sababu yangu ulikuwa wa namna nyingine.

Nikainua godoro.

Baba Rabia aliniona na ile karatasi mkononi. "Unakwenda tena kule?"

"Nakwenda."

"Wakisema wamkate?"

"Sijui, Baba Rabia. Lakini akikaa hivi tumeshampoteza."

Asubuhi nilikuta ameacha nauli juu ya meza.

Chumba cha Alhamisi kilikuwa kidogo, kina meza moja, viti vitatu vya watoto, na benchi nje chini ya dirisha. Sista Felista alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za mtoto, nami nikamwaga kila kitu, mpaka foleni ya sukari, mpaka nyamaza. Nikaanza kulia.

"Usilie hapa," akaniambia kwa upole. "Akikuona unalia atadhani kinywa chake ndicho kinachokuliza. Futa uso. Utalia kwenye basi."

Siku hiyo hakumwambia Rabia aseme hata neno. Aliweka unyoya wa kuku juu ya meza, akaupuliza, ukaenda upande wa Rabia. Akangoja. Rabia akautazama. Sista akaufuata, akaurudisha, akaupuliza tena. Mara ya sita au ya saba Rabia akapuliza. Unyoya haukusogea, upepo ulitoka puani. Sista akachukua kioo kidogo akakiweka chini ya pua ya Rabia, kikaingia ukungu. "Umeuona?" akamwambia. "Upepo umekosea njia. Tutauonyesha njia."

Tukawa wa Alhamisi. Nyumbani tulipewa kazi ya dakika chache, mara tatu kwa siku, isizidi. Nilimkatia bua la jani la mpapai akapuliza mapovu kwenye kikombe cha maji. Akiweza hilo, Sista alisema, tusikae hapo, maana kupuliza si kusema. Tukaja kwenye kipande cha karatasi juu ya kiganja mbele ya mdomo: pa. Karatasi ikiruka, umesema. Isiporuka, pua imeiba. Na nyumba nzima ilipewa masharti: hakuna kumcheka, hakuna kumwigiza, hakuna kumlazimisha aseme mbele ya wageni, na akisema jambo lisiloeleweka, mtu aseme "nionyeshe", asiseme "sema vizuri". Bibi Somoe aliyashika masharti hayo kuliko sote. Mpangaji mmoja alimwigiza Rabia uani mara moja tu. Bibi alimwendea na ndoo ya maji machafu, na haikutokea tena.

Wakati ule ule mie nilikuwa naanza kisomo. Jioni saa kumi tunakwenda shule ya msingi, tunabanwa kwenye madawati ya watoto, mwalimu anaandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Nikirudi, nilimkuta Rabia mlangoni anangoja nimfundishe nilichofundishwa. Tulikaa juu ya mkeka na kibao kimoja. Yeye hazijui herufi ila anatafuta sauti. Mie sauti ninazo ila natafuta herufi. Nikiandika "be" kama kumbikumbi aliyekanyagwa, ananicheka, na mie nilikuwa radhi kuchekwa.

Lakini usidhani woga uliisha. Miezi ya masika Sista alimmulika kinywani na tochi, akatazama kile kitundu nyuma ya meno, akasema daktari akione. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba yake. Baba Rabia aliacha kula. "Si nilisema? Si nilisema?" Tulikaa siku kumi bila kusemezana ila kwa mambo ya chumvi na maji. Woga wake haukuwa mdogo kuliko wangu, ila yeye alikuwa anaogopa peke yake, na nilichelewa kuliona hilo. Daktari alipotazama, akasema kitundu ni kidogo, kiachwe, mtoto asikatwe maadamu anaendelea. Nilimpa Baba Rabia habari hiyo langoni mwa kiwanda, maana nilishindwa kungoja arudi nyumbani. Aliinua kitambaa akajifuta shingo, akasema, "Haya." Kisha akaniambia nipite kivulini.

Ilikuwa baada ya hapo, kiangazi, kabla hajafika miaka sita. Baba yake alikuwa anakula. Rabia akamwendea, akasimama, akaweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe kama Sista alivyomfundisha, akafumba macho, akasema, "Ba." Akapumua. "Ba."

Baba yake aliacha mkono ndani ya sahani. "Sema tena," akasema, kisha akakumbuka masharti, akasema haraka, "au basi, usiseme." Rabia akasema tena. Yule bwana hakumaliza chakula chake siku ile.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nikuambie ukweli uujue. Haikuwa safari ya kupanda tu. Akiumwa mafua anarudi nyuma mwezi mzima. Akichoka, king'ong'o kinarudi. "Sa" na "ka" zilituchukua zaidi ya mwaka, na "sa" mpaka leo inavuja. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza mwalimu mkuu alimuuliza jina, akaandika Ramia, Rabia akamrekebisha, akaandika Rahima, mtoto akamrekebisha tena, nami nimekalia mikono yangu ili nisijibu badala yake. Mara ya tatu akaandika sawasawa.

Hakuwa amemaliza muhula wa kwanza pale alipoleta barua kutoka shule. Niliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno: mzazi wa Rabia afike shuleni kesho saa mbili asubuhi bila kukosa. Nikaisoma mara nne. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto mmoja mtaa wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu alikuwa haeleweki darasani. Nilimuuliza Rabia umefanya nini, akasema hajui, akaangalia pembeni. Nilimwonyesha baba yake barua. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kesho naomba ruhusa kazini," akasema. "Tunakwenda wote."

Tulifika kabla ya kengele. Baba Rabia alikuwa amevaa shati la sikukuu. Mwalimu wa darasa, mama mmoja mwenye sauti ya kazi, alitukaribisha ofisini akatuvutia viti, akafungua daftari.

"Nimewaita kuhusu kuzungumza kwa Rabia."

Nikaona ukuta unasogea. "Najua, mwalimu," nikasema. "Alipasuliwa kinywa. Bado anakwenda kwa Sista kila Alhamisi, na mie nyumbani namfanyisha mazoezi, tafadhali usimrudishe, akipata muda..."

"Hapana, mama, sikiliza. Anaongea mno. Nikigeukia ubao, anaongea. Nikigeuka, ananyamaza. Nimemhamisha dawati mara tatu. Kiranja akiandika majina ya wapiga kelele, la kwanza ni lake."

Baba Rabia akasogea mbele kwenye kiti.

"Anaongea nini?" akauliza.

"Kila kitu. Kuku wa bibi yake, mdogo wake, habari za mtaani kwenu."

"Na wenzake, mwalimu. Wanamwelewa?"

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Si ndiyo tabu yenyewe, baba. Wanamjibu."

Baba Rabia akaahidi kwamba tutamkanya. Jioni tulimkanya kweli, mie na yeye. Rabia akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kujitetea, na wali ukapoa.